Saruji asilimia 6 kilomita zote sita? Jibu kwa dada wa Butaleja

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Mhandisi, salaam. Mimi ni msaidizi katika kazi za barabara huku mashariki, wilaya ya Butaleja. Tuna barabara ya kilomita 6 inayotoka kwenye mashamba ya mpunga hadi barabara kuu. Nusu yake ni udongo mwekundu wenye vikokoto, nusu nyingine inapita ukingoni mwa kinamasi, udongo mweusi unaonata hadi unavua watu viatu. Mkandarasi anataka kuchanganya saruji asilimia 6 kote. Kijana mmoja wa chuo ametuambia majivu ya pumba za mpunga yanaweza kushika nafasi ya saruji, na pumba tunazo vilima vizima kiwandani. Ni kweli? Tutumie nini kisichochafua mazingira na kisichomaliza pesa zetu?"

Dada yangu, nafurahi umeuliza kabla mifuko haijashushwa. Nianze na jibu fupi. Majivu peke yake hayawezi kushika nafasi ya saruji, kwa sababu yanahitaji chokaa ili yafanye kazi. Saruji asilimia 6 kote ni kosa, na kwenye udongo mweusi ni kosa kubwa. Nusu nyekundu ya barabara yako huenda isihitaji mfuko hata mmoja.

Tufanye hesabu kwanza, maana huwa inafungua macho kwenye vikao. Chukua tabaka lenye upana wa mita 6 na unene wa milimita 150. Kilomita moja ni mita za ujazo 900. Udongo ulioshindiliwa vizuri wa aina hii una uzito wa tani 1.8 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo una tani 1,620. Asilimia 6 yake ni tani 97, yaani mifuko karibu 1,950 ya kilo 50 kwa kila kilomita. Tani moja ya saruji ya kawaida, ile isiyochanganywa na kitu, huacha nyuma yake karibu kilo 800 za hewa ukaa. Kilomita moja basi ni karibu tani 80 za hewa hiyo. Sehemu kubwa yake haitoki hata kwenye moto wa tanuri, inatoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa kwenye tanuri ambalo joto lake hufika nyuzi 1,450. Hata ungechoma kwa jua tupu, hewa hiyo ingetoka tu. Ndiyo maana njia ya uhakika ya kupunguza madhara ya saruji ni kutumia kidogo.

Sasa tuje kwenye udongo wako. Kabla ya maabara, fanya hivi kesho asubuhi. Chota konzi ya udongo mwekundu, ondoa vikokoto, loweka kidogo, kisha uviringishe kwenye ubao kwa kiganja mpaka uwe kama uzi wa unene wa milimita 3. Fanya vivyo hivyo kwa udongo mweusi. Nadhani ule mwekundu utakatika-katika mapema, na mweusi utakwenda mrefu kama kidole, ukipinda bila kukatika. Kisha finyanga kipande cha mweusi kama kitofali kidogo, pima urefu wake, kianike siku tatu, upime tena. Kikipungua sana na kupasuka, tayari umeona jinsi barabara yako itakavyofanya kila kiangazi. Maabara itakupa namba, kile kiwango cha kufinyangika tunachokitafuta, lakini kiganja chako kinakwambia mapema kwamba hizo ni tabia mbili tofauti na zitahitaji dawa mbili.

Tofauti yao iko kwenye mfinyanzi, ile sehemu laini ya udongo inayonata. Udongo mwekundu wa Uganda umechujwa na mvua kwa miaka mingi mno. Kilichobaki ni chuma, ambacho ndicho kinaupa wekundu, pamoja na mfinyanzi mtulivu wa jamii ya kaolini ambao hauvimbi sana. Mweusi una mfinyanzi wa aina nyingine, wa vibapa vyembamba vinavyopokea maji katikati yake, ukavimba masika na kusinyaa kiangazi. Ni ndugu wa udongo mweusi unaosumbua barabara za Karamoja.

Saruji hufanya kazi vizuri inapokuta punje za mchanga na kokoto: inazigandisha moja kwa nyingine. Ikiingia kwenye mfinyanzi unaonata mambo mawili hutokea. Kwanza, haichanganyiki. Utaona greda na trakta zikipita mara tano, na bado saruji imekaa juu ya madonge kama unga uliopakwa nje ya donge la ugali, ndani mbichi. Pili, mfinyanzi unaifyonza chokaa iliyomo ndani ya saruji kabla saruji haijapata nafasi ya kugandisha chochote. Unalipia gundi, unapata nusu ya chokaa, tena kwa bei ya saruji. Baadaye tabaka linakuwa gumu huku na laini kule, na nyufa zinakuja na kiangazi cha kwanza.

Dawa ya udongo mweusi ni chokaa. Nieleze inavyofanya kazi, maana ukishaelewa hakuna muuzaji atakayekudanganya. Siku ile ile ya kwanza, kalisi ya chokaa inaingia kati ya vibapa vya mfinyanzi na kuvifanya vishikane katika vifungu vidogo. Udongo uliokuwa unanata unakuwa wa kuvunjika-vunjika, kama mashudu makavu. Nimeona mara nyingi vibarua wakishangaa: jioni walikuwa wakikwangua tope kwenye majembe, asubuhi udongo uleule unateleza wenyewe. Hiyo ni kazi ya haraka. Kazi ya pole pole huja baadaye. Chokaa inapandisha ukali wa maji yaliyomo kwenye udongo, ukali kama wa magadi, hadi 12.4 kwenye kipimo kiitwacho pH, na katika ukali huo silika na alumina za mfinyanzi zinaanza kuyeyuka na kuungana na kalisi. Kinachozaliwa ni gundi ya jamii moja na ile ya saruji, ila inachukua wiki na miezi.

Kiasi gani? Usikubali mtu akutajie asilimia kutoka kichwani. Kuna kipimo rahisi ambacho hata shule ya sekondari yenye kipima pH inaweza kukifanya. Chukua chupa tano zenye udongo wako uliokaushwa na kuchekechwa, weka chokaa asilimia 2, 3, 4, 5 na 6, ongeza maji safi, tikisa mara kwa mara kwa saa moja, kisha pima. Kiasi kidogo kabisa kinachofikisha pH 12.4 ndicho cha chini unachohitaji ili kazi ile ya pole pole iweze kuanza. Chini ya hapo udongo utalainika kufanyiwa kazi lakini hautapata nguvu ya kudumu. Kama hata chupa ya asilimia 6 haifiki, shuku mabaki ya mimea. Udongo wa kinamasi wenye harufu ya kuoza na nyuzinyuzi hula chokaa na kuharibu saruji pia. Huo usiutibu, uchimbe na kuutoa.

Na sitaki nikufiche: chokaa si malaika. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikichomwa, kilo 44 zinaondoka kama hewa ukaa na kubaki 56. Tani moja ya chokaa iliyozimwa ina nyuma yake karibu kilo 600 za hewa hiyo kutoka kwenye jiwe pekee, kabla hujahesabu kuni au mkaa wa tanuri. Faida yake kwako ni kwamba inauponya udongo ambao saruji haiuponyi, na tabaka halirudiwi baada ya miaka miwili. Kazi inayorudiwa ndiyo chafu kuliko zote.

Hapa ndipo majivu ya kijana wako wa chuo yanapoingia, na yeye hajakosea, ila amesimulia nusu. Majivu ya pumba yaliyochomwa vizuri yana silika asilimia 85 hadi 95. Ukiyaweka pamoja na chokaa unaupa udongo silika ya ziada iliyo tayari kuungana, kwa hiyo gundi inaongezeka na chokaa inatumika yote. Lakini yote yanategemea moto. Pumba zikichomwa kwenye nyuzi 500 hadi 700 hivi, silika inabaki katika hali yake ya kupokea. Zikizidi sana hapo, inageuka fuwele ngumu kama mchanga, na majivu yanakuwa kijazio tu. Zikichomwa kwenye lundo linalofuka siku nne nyuma ya kinu, katikati zinabaki nyeusi, zimejaa mkaa ambao hauna kazi kwenye barabara. Chukua gao la majivu ya kiwandani kwako ulitazame juani. Kijivu chepesi kinatia matumaini. Cheusi, rudisha. Cheupe cha waridi kinachokwaruza vidoleni, mara nyingi kimeungua kupita kiasi. Na hata yakiwa mazuri lazima yasagwe yawe laini, na wanaoyashika wavae barakoa ya maana, si kitambaa, kwa sababu vumbi la fuwele za silika huharibu mapafu bila kurudi nyuma.

Kisha kuna hesabu ambayo sijamsikia mtu akiifanya. Tani moja ya mpunga hutoa karibu kilo 200 za pumba, na kilo 200 za pumba hutoa karibu kilo 40 za majivu. Ukitaka majivu asilimia 4, kila tani ya udongo inadai kilo 40. Yaani tani moja ya udongo, tani moja ya mpunga. Kilomita moja ya barabara yako itakula majivu ya tani 1,620 za mpunga. Hata kwa wilaya yenye mashamba ya Doho na maji ya mto Manafwa, hiyo si kazi ya vilima viwili vya kiwandani. Ushauri wangu: majivu yenu yatumieni pale panapoumia zaidi, kwenye njia za kuingilia makalavati na zile mita mia mbili au tatu ambazo malori hukwama kila masika. Msiahidi barabara nzima. Kama mnataka mengi zaidi, ulizeni majivu ya makapi ya miwa kutoka viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, ambavyo huchoma makapi hayo kwenye matangi ya mvuke. Nayo yana silika, lakini hubadilika kutoka wiki hadi wiki na yanaweza kuwa na mkaa mwingi, hivyo kila shehena ipimwe.

Na mbona hamuangalii mlima? Kutoka kwenu mnauona Elgon. Kapchorwa huchimbwa pozolana, majivu ya volkano ya kale ambayo viwanda vya saruji vya Tororo huyachanganya na klinka, yale madonge yanayotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji. Volkano ilishayachoma bure. Kwa hiyo "saruji mbadala" ya kwanza unayoweza kuipata wiki hii iko dukani tayari: soma maandishi kwenye mfuko. Ukiona CEM IV, hiyo ni saruji ya pozolana. Ya kundi A ina klinka asilimia 65 hadi 89, ya kundi B ina 45 hadi 64. Kila pungufu la klinka ni pungufu la hewa ukaa. Wakandarasi wengi hununua saruji ya daraja la nguvu 42.5, ya maghorofa, kwa sababu wanaamini nguvu ni nguvu. Msingi wa barabara haujengi ghorofa. Vitabu vya usanifu vya nchi za joto vinataka tabaka la chini lililogandishwa liwe na nguvu ya megapaskali 0.75 hadi 1.5 tu, na ukizidi sana unajitafutia nyufa. 32.5 ya pozolana inatosha. Inakomaa taratibu, basi usiihukumu kwa matokeo ya siku 7 peke yake, tengeneza na sampuli za siku 28.

Ukisoma maandiko ya nje utakutana na majivu ya makaa ya mawe na taka za matanuri makubwa ya chuma. Ni vifaa vizuri sana, ila umeme wetu unatoka kwenye mabwawa ya Nile, Bujagali, Isimba, Karuma na mengineyo, si kwenye makaa, na chuma chetu kingi huyeyushwa kutoka vyuma chakavu. Usitumie muda wako huko. Udongo wa kaolini uliochomwa kwenye nyuzi 700 hadi 800 nauona kama tumaini kubwa la nchi hii, maana kaolini tunayo Mutaka kule magharibi na Buwambo karibu na Kampala, na joto lake ni nusu ya lile la klinka, bila jiwe la kutoa hewa. Lakini huwezi kuichoma wewe kando ya barabara. Zile gundi za kemikali za soda kali nazikataa kabisa kwa kazi ya vibarua: tone moja jichoni linapofusha. Akija mtu na dumu la maji ya maajabu, mwambie alete kipimo cha CBR, kile cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, kilichofanywa kwa udongo wako, uliolowekwa siku 4, ukiwa umetiwa dawa na usiotiwa, kando kwa kando. Asipoleta, mshukuru na umuage.

Nusu nyekundu sasa. Hapa nakuomba usianze na dawa yoyote. Peleka sampuli maabara, ya wizara iko Kireka, uulize CBR yake baada ya kulowekwa siku 4. Ikiwa 30 au zaidi ikishindiliwa sawasawa, umemaliza. Ikipungua, tafuta moramu, yaani udongo wa changarawe, yenye kokoto zaidi uichanganye au uiweke badala yake. Watu huniambia, "lakini malori yatachafua hewa." Tuhesabu. Tipa la tani 20 likifuata moramu umbali wa kilomita 40 na kurudi, linakunywa dizeli lita 32 hivi, sawa na kilo 86 za hewa ukaa. Tani 1,620 ni safari 81, jumla tani 7 kwa kilomita ya barabara. Linganisha na zile 80 za saruji. Machimbo yanaacha shimo, ni kweli, kwa hiyo andika kwenye mkataba kwamba udongo wa juu uwekwe kando na urudishwe, na shimo lisiachwe likawa bwawa la watoto kuzama.

Kama maabara itasema udongo mwekundu bado unahitaji msaada, saruji ya pozolana asilimia 2 au 3 mara nyingi inatosha kwa udongo wa vikokoto. Ila kumbuka barabara yako haina lami. Tabaka lililogandishwa likiachwa wazi kwa magurudumu linachubuka na kuwa vumbi na mashimo yasiyochongeka tena kwa greda. Lifunike kwa moramu ya milimita 150.

Jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Nikiwa bado kijana nilifanya kazi na mkandarasi mmoja kwenye tambarare za magharibi. Tulichanganya saruji, tukashindilia vizuri, na kila kipimo kilipita. Kisha bauza la maji liliharibika, na tabaka likakaa siku sita juani bila kumwagiwa. Miaka miwili baadaye uso ulikuwa unabanduka. Tulichimba shimo, nikapuliza fenolftaleini kwenye ukuta wake, dawa inayogeuka waridi inapokutana na chokaa iliyo hai. Chini ukuta wote uligeuka waridi mkali kama ua. Sentimita nne za juu hazikugeuka hata kidogo, na niliweza kuzikwangua kwa ukucha. Hewa ilikuwa imeingia kwenye tabaka kavu na kuirudisha chokaa kuwa jiwe la unga kabla haijashika. Tani zote zile za saruji na hewa yake ukaa zilipotea kwa sababu ya maji ya siku saba. Tangu hapo sianzi kumwaga mfuko kabla sijaona bauza la pili limeegeshwa.

Kwa hiyo kwenye udongo mweusi, panga hivi. Kwanza nyanyua tuta lipite alama ya juu ya mafuriko, ambayo wazee wa hapo wanaijua kuliko ramani. Fungua mitaro na makalavati kabla ya dawa yoyote. Tandaza chokaa asubuhi isiyo na upepo, watu wakiwa na miwani, glovu na buti. Changanya, lowesha, shindilia kidogo, uache siku moja hadi mbili ilainike, kisha uchanganye tena na kushindilia kwa uzito wote. Chokaa inakupa nafasi hiyo. Saruji haikupi: tangu inapokutana na unyevu una saa mbili tu za kumaliza rola, na ukichelewa unavunja kile ambacho tayari kimeshika. Baada ya hapo siku saba za unyevu, au funika mapema kwa moramu iliyoloweshwa. Anza na mita 100 za majaribio kati ya Desemba na Februari, usisubiri wingu la Machi. Mifuko ya chokaa ihifadhiwe juu ya mbao, ndani, na itumike mapema. Iliyokaa wazi miezi mingi imeshageuka chaki. Dondoshea siki kali: ikitoa povu jingi, usilipe.

Ukishasoma zile chupa tano, niandikie namba zote tano, hata zile zinazoonekana mbaya, pamoja na urefu wa kile kitofali kabla na baada ya jua. Na uniambie mtaro wa upande wa kinamasi unamwaga maji wapi, kwa sababu kama hauna pa kumwaga, tutaanzia hapo.